Kilemba cha fundi: kwa nini mjuzi kazini hafundishi, na nini kipangwe ili afundishe

Kaa katika gereji yoyote ya mjini kwa wiki moja utaliona. Spana boi ameshinda chini ya gari tangu asubuhi, ameshika tochi, amelegeza boliti, mikono imejaa grisi. Kazi inapofika penye siri yake, tuseme kupanga taimingi ya injini, fundi anamgeukia: "Dogo, kimbia dukani uniletee soda." Akirudi injini imeshafungwa. Kesho soda inaagizwa saa ile ile.

Ofisini soda hiyo ina sura nyingine. Ni jedwali la Excel lenye neno la siri. Ni ile kauli ya "nitumie tu faili, nitalimalizia mwenyewe." Wodini ni muuguzi mzoefu anayemsogeza kando mgeni kila mshipa wa mgonjwa unapokuwa mgumu kupatikana, anaweka kanula mwenyewe, zamu inaendelea. Huyu wa wodini wala hana ubaya. Mgonjwa analia na kazi zimejaa.

Wote watatu huitwa jina moja: wana roho ya korosho. Tukishakubali kwamba tatizo ni roho, dawa yake huwa mahubiri. Bosi anaitisha kikao, anazungumzia moyo wa kujitolea, fulana za "Sisi ni Familia" zinachapishwa, na Jumatatu soda inaagizwa tena. Wachoyo wa kweli wapo, hilo halina ubishi, ila ni wachache kuliko tunavyodhani. Wengi wanaobania ujuzi wamepiga hesabu, na hesabu yao iko sawa. Kufundisha mwenzako kuna gharama, na sehemu nyingi za kazi gharama hiyo inalipwa na mfundishaji peke yake.

Bili ya kufundisha

Gharama ya kwanza ni muda, na inahesabika. Tuchukue mfano wa fundi anayelipwa kwa gari, si kwa mwezi. Kwa siku anamaliza magari matatu, na kila moja linamwachia shilingi 15,000 za ufundi. Siku anayomfundisha mtu, atamaliza mawili. Akifundisha siku mbili kwa wiki kwa wiki nne, amefundisha siku nane, na siku nane mara 15,000 ni 120,000. Mwenye gereji anayesema "msaidie huyo kijana" bila kusema lolote juu ya hiyo 120,000 anamwomba fundi amlipie mafunzo ya mfanyakazi wake kutoka mfukoni. Fundi hatakataa kwa mdomo. Ataagiza soda.

Anayelipwa mshahara naye ana bili ya aina hiyo hiyo, ila yake haionekani. Mhasibu anayefunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 5, akitoa saa mbili kumwelekeza mgeni, hizo saa mbili zitatoka kwenye usingizi wake, kwa sababu tarehe 5 haisogei.

Gharama ya pili ni nafasi, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mtu anayejua peke yake jinsi mashine fulani inavyowashwa, au mteja fulani mkubwa anavyopenda kuhudumiwa, ana kinga. Hawezi kufukuzwa kirahisi, hawezi kufokewa kirahisi. Akimfundisha kijana anayelipwa nusu ya mshahara wake, ameikabidhi kinga hiyo mikononi mwa mtu ambaye bosi atampenda kwa unafuu wa bei. Hofu hii si ya kufikirika. Watu wameiona ikitokea. Ndiyo maana maneno matamu hayaiondoi.

Kuna upande wake wa pili ambao mjuzi mwenyewe huusahau: anayejua peke yake amefungwa. Hapati likizo bila simu kulia, hapandi cheo kwa sababu hakuna wa kukalia kiti chake, akiugua kazi inamfuata hospitali. Hoja hii ina nguvu, lakini itumike pale tu inapokuwa kweli. Usimwambie mtu "ukimfundisha mwenzako utapanda" katika ofisi ambayo haina ngazi ya kupanda. Atacheka, na atakuwa na haki.

Ya tatu ni jina. Umemwonyesha mwenzako namna ya kuandika pendekezo la mradi, limekubaliwa, na kwenye kikao anasimama yeye kueleza "nilivyofikiri". Likitokea mara moja, mkarimu hujifunza. Likitokea mara mbili, hufunga mlango.

Ya nne ni aibu, na hii inawapata wote wawili. Anayeuliza anaogopa kuonekana hajui. Anayeulizwa anaogopa kugundulika kwamba kuna sehemu hata yeye huwa anabahatisha. Mwaka 1996 mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, alichapisha uchunguzi wa vitengo vya hospitali nchini Marekani kuhusu makosa ya dawa. Mtu angetarajia vitengo vyenye uongozi mzuri viwe na makosa machache. Takwimu zilionyesha kinyume: vilikuwa na mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko makosa yalikuwa yanasemwa, kwingine yalikuwa yanafichwa. Kosa lililofichwa halimfundishi mtu. Kwa hiyo pale ambapo anayekosea anafokewa mbele ya wateja, usitegemee wafanyakazi wafundishane; kila mmoja anashughulika kuficha uchi wake.

Wazee walilipaje?

Uswahilini jambo hili liliwahi kuwa na utaratibu. Mtoto alipopelekwa kwa fundi, awe seremala, mshonaji au mwashi, siku ya kuhitimu fundi alipewa kilemba, zawadi ya mkono wa kwaheri inayotangaza kwamba huyu sasa ni fundi na yule ndiye aliyemfanya fundi. Mwali naye hakuachwa ajiokotee maarifa kwa jirani yeyote. Alikuwa na kungwi wake, au somo wake, mtu anayejulikana kwa jina, mwenye jukumu linalojulikana na haki zake.

Utaratibu huo ulikuwa na mabaya yake, na hatuutaji hapa kwa kuupamba. Wanagenzi wengi walipoteza miaka wakifagia tu. Lakini tazama ulivyoigawa ile bili. Mlezi aliteuliwa, hivyo hakuna aliyeuliza "kwa nini mimi?". Muda wake ulilipwa. Jina lake lilitangazwa. Na mwanafunzi akihitimu alikwenda kufungua kibanda chake, hakuja kukaa kwenye kiti cha mwalimu.

Ajira ya kisasa imeondoa malipo yote hayo ikabakiza matumaini kwamba watu watafundishana kwa mapenzi. Mahali pa kilemba tumeweka kilemba cha ukoka: cheti chenye fremu, picha ya "mfanyakazi bora" ukutani, makofi kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Sifa si kitu kibaya, mradi itaje kitu. "Ripoti ya robo hii imetoka kwa wakati kwa sababu mama wa masjala alikaa na vijana wawili siku tatu akawaonyesha namna ya kupanga mafaili" ni shukrani. "Tunawapongeza wote kwa ushirikiano" ni upepo.

Kurudisha malipo

Kwanza kiondolewe kinachoadhibu ukarimu. Mfumo wowote unaowapanga wafanyakazi wa chumba kimoja kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, huku bonasi zikienda kwa wa juu na barua za onyo kwa wa chini, unamfanya kila anayemsaidia jirani kuwa anajishusha mwenyewe. Microsoft walikuwa na mfumo wa aina hiyo kwa miaka: meneja alilazimika kuwagawa watu wake katika mafungu, na lazima wawepo wa fungu la chini hata kama kitengo kizima kimefanya vizuri. Novemba 2013 waliufuta. Biashara ndogo hazina mifumo yenye majina, lakini zina kamisheni. Wauzaji watano wa duka la simu wanaolipwa kila mmoja kwa mauzo yake hawatafundishana kuongea na mteja. Gawa kamisheni mafungu mawili, sehemu ya mtu binafsi na sehemu ya duka zima, hata ikiwa 70 kwa 30, na mazungumzo yatabadilika.

Pili, gereji na karakana zina suluhisho rahisi ambalo wengi hawalijaribu: kwa miezi miwili ya kwanza, kazi anazofanya mwanagenzi chini ya jicho la fundi zihesabiwe kwenye jina la fundi. Sasa kila kitu ambacho kijana anakijua kinamwongezea fundi kipato. Soda itaagizwa na mtu mwingine. Baada ya hapo kiwepo kilemba cha kweli, kiasi kinachojulikana tangu mwanzo, kinacholipwa nusu pale kijana anapomaliza kazi husika mara tatu peke yake bila gari kurudi, na nusu baada ya miezi mitatu kama magari aliyoyafanya bado hayarudi. Usikilipe kwa idadi ya siku za mafunzo. Ukilipia siku utapata siku nyingi.

Kwa wenye mishahara, malipo bora ni muda uliokatwa mahali panapoonekana. Saa mbili kwa wiki kwa wiki nane ni saa 16, yaani siku mbili tu za kazi. Si nyingi, lakini lazima isemwe zinatoka wapi: "Kwa wiki nane hizi, ripoti ya stoo ya Alhamisi itaandikwa na fulani." Bila kutaja kazi iliyoondolewa, saa mbili hizo ni kazi ya nyongeza iliyopewa jina zuri.

Tatu, kinga. Mwajiri aseme mbele ya watu, na ikiwezekana aandike, kwamba anayefundisha hatapunguzwa kazi wala kipato kwa sababu ya kumfundisha mtu. Na kama mwajiri ana mpango wa kumwondoa mkongwe mara tu kijana akiiva, basi tuseme wazi: mkongwe ana haki ya kukaa kimya, na hakuna ushauri wa makala hii utakaomsaidia mwajiri huyo.

Kufundisha kwenyewe

Tuseme sasa mjuzi yuko tayari. Hapo ndipo linapoibuka jambo ambalo wengi hawalitegemei: mjuzi hajui kufundisha. Mikono yake imezoea kiasi kwamba hatua nyingine hazioni tena. Anasema "unaona? rahisi tu," kijana anaitikia "nimeona," na hakuna alichoona.

Njia iliyojaribiwa kuliko zote ilizaliwa viwandani. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mwalimu wa ufundi Charles Allen alipanga mafunzo ya wajenzi wa meli Marekani katika hatua nne. Mwaka 1940 serikali ya nchi hiyo ilipohitaji kujaza viwanda kwa watu ambao hawajawahi kushika mashine, hatua hizo zilifufuliwa katika mpango wa mafunzo ndani ya viwanda. Msimamizi alisomeshwa namna ya kufundisha kwa saa kumi, vipindi vitano vya saa mbili mbili, kisha akapewa kadi ndogo ya kuweka mfukoni. Hadi vita inaisha mwaka 1945 zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wamepita humo. Baadaye mbinu ilivuka hadi Japani, Toyota wakaishika, nao hawajaiachia. Msemo uliobebwa na wakufunzi wake ni mkali: mfanyakazi akiwa hajajifunza, mwalimu hajafundisha.

Hatua nne ni kuandaa, kuonyesha, kujaribisha na kufuatilia. Tuzipitishe kwenye kazi moja, kubadilisha pedi za breki za mbele za gari dogo.

Kabla ya kumwita kijana, fundi anakaa na kipande cha karatasi na kuivunja kazi. Upande wa kushoto anaandika hatua kubwa: legeza nati gari likiwa chini, inua kwa jeki, weka stendi, toa gurudumu, fungua boliti ya kalipa (chuma kinachobana pedi) na uiinue, toa pedi za zamani, rudisha pistoni ya kalipa ndani, weka pedi mpya, rudisha kalipa na kaza, rudisha gurudumu, shusha gari na kaza nati, kanyaga pedali. Hizo zinatosha. Kazi ikifika hatua kumi na tano, ni kazi mbili, zifundishwe siku mbili. Upande wa kulia anaandika mambo ya siri, yaani yale yanayoharibu kazi yakikosewa, yanayoweza kuumiza mtu, au yanayorahisisha mkono. Na kila moja linapewa sababu yake.

Kalipa isining'inie kwa mpira wa breki, ifungwe kwa waya. Sababu: mpira unaumia kwa ndani na nje hauonekani. Pistoni irudishwe polepole huku ukiangalia kichupa cha mafuta ya breki. Sababu: mafuta yanapanda, yakimwagika yanababua rangi ya gari. Grisi isiguse uso wa pedi. Sababu: gari halitashika. Na la mwisho, lenye roho ya mtu ndani yake: pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja, sababu: pistoni imerudi nyuma, mkanyago wa kwanza hauna breki. Fundi wa miaka ishirini hufanya hili bila kufikiri, ndiyo maana husahau kulisema. Karatasi ndiyo inayolikumbuka.

Kuandaa kunachukua dakika tano. Kijana anaulizwa ameshafanya nini, ili asifundishwe anachokijua. Anaambiwa kazi ni ipi na inaingiaje kwenye usalama wa mteja. Anasimamishwa bega kwa bega na fundi, si kumkabili. Akisimama mbele yake ataona kila kitu kama kwenye kioo, kushoto kuwe kulia.

Kuonyesha ni mara tatu. Mara ya kwanza hatua tu. Mara ya pili hatua pamoja na mambo ya siri. Mara ya tatu pamoja na sababu. Gari lina magurudumu mawili ya mbele, kwa hiyo fundi mwerevu anaonyesha upande mmoja na kuuacha wa pili kwa kijana. Wengi huruka marudio haya kwa kuona ni upotevu wa muda. Kichwa kipya hakibebi vitu vitatu kwa mpigo.

Kujaribisha ndiko kunakowashinda wajuzi wengi, kwa kuwa mikono inawawasha. Kijana anafanya; fundi anaweka mikono mfukoni. Kosa linasahihishwa papo hapo, kabla halijawa mazoea. Kisha kijana anarudia huku akisema hatua kwa mdomo wake, kisha akitaja mambo ya siri, kisha sababu. Usimuulize "umeelewa?" Hakuna kijana wa Kiswahili atakayemjibu mkubwa wake "hapana." Mwambie: "Nieleze kwa nini tunakanyaga pedali kabla ya kutoa gari." Jibu lake litakuambia kila kitu.

Kufuatilia: aachiwe kazi, aambiwe akikwama amfuate nani kwa jina, akaguliwe kila gari siku za mwanzo, kisha moja kwa siku, kisha moja kwa wiki. Wasimamizi wengi hukosea kwa kuacha ghafla, wengine kwa kutokuacha kabisa.

Mambo haya hayahitaji spana. Kuweka kanula, kufunga hesabu za mwezi, kupokea malalamiko ya mteja kwenye simu, vyote vinavunjika hivyo hivyo.

Upande wa anayeomba

Misaada mingi kazini huanza na ombi, na maombi mengi hayatolewi kamwe. Mwaka 2008 watafiti Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha majaribio ambamo watu walitakiwa kukisia ni wageni wangapi wangekubali kuwasaidia jambo dogo. Makisio yao yalikuwa ya chini sana. Katika baadhi ya majaribio walikisia takriban nusu tu ya waliokubali kweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini kuuliza nako kuna ufundi.

"Dada, naomba unifundishe usuluhishi wa benki" ni ombi zito, halina mwanzo wala mwisho, na dada ataahirisha hadi mwakani. Linganisha na hili: "Dada, samahani. Nimelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ya Machi, tofauti imebaki 340,000. Nimeshaingiza makato ya benki na hundi mbili ambazo hazijawasilishwa. Naomba dakika 15 kesho kabla ya chai, uniangalizie amana za tarehe 30 na 31." Amesema amejaribu nini, amekwama wapi, anataka nini, lini. Anayeombwa anaona mwisho wa msaada kabla hajauanza. Na ni vyema jioni anayeomba arudi na kusema tofauti ilikuwa wapi. Anayesaidia bila kupewa mrejesho hujiona ametumika.

Kwa kitengo kizima kuna zoezi la saa moja linalofanya kazi vizuri likifanywa kila wiki mbili. Watu wanane hadi kumi na wawili wanakaa duara. Kila mmoja anaandika ombi moja la kazi, analisoma, na wenzake wanasema nani anaweza nini, au anamjua nani anayeweza. Dakika tano kwa mtu zinatosha, na hakuna msaada unaoahidiwa pale unaozidi nusu saa. Mmoja anaandika: nani, nini, kwa nani, lini. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kusoma daftari hilo. Wa kwanza kuomba awe mkubwa, na ombi lake liwe la kweli. Bosi akija bila ombi, akasema yeye yupo kuwasikiliza, duara limekufa siku hiyo hiyo. Pia itangazwe mapema kwamba ni maombi ya kazi. Vinginevyo kufikia mtu wa nne watu wameanza kupigana mizinga ya fedha, na kikao cha pili hakuna atakayekuja.

Kundi la WhatsApp hujaribiwa kwanza kila mahali kwa sababu ni bure. Swali linaulizwa saa nne asubuhi, saa tano limezikwa chini ya picha za harusi na orodha ya michango. Kama mnalitumia, liwe kundi la maswali tu, na mtu mmoja awe anayahamishia majibu kwenye daftari kila Ijumaa.

Panapoharibika

Mlezi akiwa ndiye bosi wa moja kwa moja, mgeni hataonyesha asichokijua kwa mtu anayejaza fomu yake ya tathmini. Chagua mtu wa ngazi ya karibu, mwenye miaka miwili au mitatu kazini. Mkongwe wa miaka ishirini si lazima awe mlezi bora. Mara nyingi amesahau kutojua kunafananaje.

Heshima ya umri nayo inataka akili. Kijana anapojua mfumo wa kompyuta kuliko mzee anayemwamkia shikamoo, usimsimamishe mzee nyuma ya kiti cha kijana mbele ya wateja. Ifanywe kuwa kubadilishana, chumbani, nusu saa kwa nusu saa: kijana anaonyesha mfumo, mzee anaonyesha namna ya kusoma faili la zamani na kumtambua mteja msumbufu. Kila mmoja ametoa, hakuna aliyepungukiwa.

Tatizo linaloumiza kimyakimya ni mkarimu mmoja kugeuzwa kisima. Kila ofisi ina mtu ambaye wote humkimbilia, na mwisho wa mwezi kazi yake mwenyewe ndiyo iliyochelewa na yeye ndiye anayeandikiwa barua. Awekewe saa zinazojulikana, tuseme saa nane hadi saa tisa alasiri, na nje ya hapo aruhusiwe kusema "njoo saa nane" bila kuonekana ana maringo. Na swali likija mara ya tatu liandikwe, lisijibiwe tena kwa mdomo.

Kisha kuna ulezi unaogeuka mtego. Mwenye ujuzi ana mamlaka juu ya asiyenao, na wapo wanaodai malipo ya mwili. Tanzania hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mafunzo yafanyike mahali pa wazi na saa za kazi, mgeni awe na mtu wa pili wa kumwendea, na kubadilisha mlezi kuwezekane bila kutoa maelezo.

Ubao

Kujua kama haya yote yanazaa kitu hakuhitaji dodoso. Chora ubao: kazi zote muhimu kushoto, majina juu. Mraba mtupu, hajaanza. Mraba wenye mstari mmoja, anafanya akisimamiwa. Msalaba, anafanya peke yake. Nyota, anaweza kufundisha, na nyota haitolewi hadi mtu aliyefundishwa naye apate msalaba. Ubao ukae ukutani, si kwenye kompyuta ya meneja.

Kazi ambayo safu yake ina msalaba mmoja tu ndiyo ya kuanza nayo kesho asubuhi. Kisha mpe mwenye msalaba huo likizo yake ya mwaka; kwa sheria ya kazi ya Tanzania ni siku 28 mfululizo, na wengi wa watu hawa hawajawahi kuzimaliza. Weka kitabu karibu na simu ya ofisi, kila atakayempigia aandike tarehe na alichouliza. Akirudi kazini, kitabu hicho ndicho ratiba ya mafunzo ya miezi mitatu inayofuata.